Chura wa Bologna, Bati la Tanga

Katikati ya mji wa Bologna, Italia, kuna uwanja wenye sanamu ya daktari mmoja aliyeinamisha uso akitazama kibao alichoshika mikononi. Juu ya kibao amelala chura. Sanamu hiyo ilisimamishwa mwaka 1879, na aliyechongwa ni Luigi Galvani. Bologna sijafika. Picha ya sanamu niliikata kwenye kalenda kuukuu nikaibandika ukutani mwa maabara ya shule niliyofundisha fizikia hapa Tanga, na kila kidato cha tano kilipoingia, swali lilikuwa lilelile: mwalimu, huyu mzee anamfanya nini chura?

Mzee huyo, pasipo kukusudia, aliwaachia Waingereza kitenzi: galvanize. Wanakitumia kwa namna mbili zisizofanana hata kidogo. Wanasiasa, makocha wa mpira na waandishi wa taarifa za miradi hukitumia kwa maana ya kuwashtua watu waliozubaa mpaka wainuke na kutenda. Wenye viwanda hukitumia kwa kazi ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka ili kisishike kutu. Mimi ni mtoto wa fundi wa mapaa. Maana ya pili nilikutana nayo kwanza, imegongwa mhuri wa rangi ya bluu mgongoni mwa bati, wakati sina hata Kiingereza cha kuombea maji. Ile ya kwanza nilikuja kuisoma nikiwa mtu mzima, na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza ipi kati ya hizo inamfaa binadamu.

Galvani alizaliwa Bologna mwaka 1737, akasomea udaktari hapohapo, akamwoa Lucia Galeazzi, binti wa mwalimu wake. Lucia alishiriki kazi za maabara bega kwa bega na mumewe. Watu walipenda kusimulia kwamba vyura wale walikuwa wa kumpikia Lucia supu alipokuwa mgonjwa, na kwamba ugunduzi ulitokea jikoni. Ni hadithi tamu, ila vyura wa Galvani walikuwa wa kazi tangu mwanzo. Alikuwa akichunguza uhusiano wa neva na misuli. Alimpasua chura, akabakiza miguu ya nyuma na neva zake zikining'inia kwenye kipande cha uti wa mgongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1780, mtu aligusa neva hizo kwa ncha ya kisu wakati mashine ya umeme iliyokuwa chumbani, ambayo haikugusana na chura, ilipotoa cheche. Mguu ukaruka.

Mtu mwingine angecheka akaendelea na shughuli zake. Galvani alikaa na jambo hilo miaka. Mwaka 1786 aliwatundika vyura kwa kulabu za shaba kwenye uzio wa chuma wa baraza ya nyumba yake, ili aone kama radi nayo ingewarusha. Iliwarusha. Lakini kilichomtia mawazo ni kwamba hata anga likiwa jeupe, alipoibana kulabu kwenye chuma cha uzio, miguu ilitikisika vilevile. Hapakuwa na radi wala mashine. Umeme ulitoka wapi? Mwaka 1791 alichapisha jibu lake kwa Kilatini: mnyama ana umeme wake mwenyewe, umehifadhiwa mwilini, na metali ni njia tu ya kuupitisha. Lucia hakuishi kuona kitabu hicho.

Maabara yetu haikuwa na mashine ya cheche, na umeme wa ukutani ulikuja na kuondoka upendavyo. Jaribio la Galvani halihitaji vyote hivyo. Unahitaji chura wa bondeni, maji ya chumvi, waya wa shaba na kipande cha zinki. Zinki tuliipata kwa kupasua betri ya tochi iliyokufa, kwa kuwa gamba lake ndilo zinki yenyewe. Unalaza neva juu ya zinki, unagusa msuli kwa shaba, kisha unazikutanisha metali mbili. Mguu unapiga teke. Darasa zima lilipiga yowe, na kuna kijana, leo ni mhandisi wa heshima, aliyesoma Audhubillahi kwa sauti akarudi nyuma mpaka mlangoni. Ukizitenganisha metali, mguu unalala. Ukizikutanisha, unapiga tena. Nusu saa baadaye unapiga kivivu, na mwishowe haupigi.

Mwalimu, kwani chura alikuwa hai? Hilo, niliwaambia, ndilo swali lililowagombanisha Wataliano wawili.

Wa pili ni Alessandro Volta, profesa wa Pavia. Alirudia jaribio, akalisifu, kisha akaanza kuingiwa na shaka, maana aliona mguu unaruka vizuri zaidi metali zikiwa za aina mbili tofauti. Kwa Volta, chura alikuwa kipimo tu cha umeme. Umeme wenyewe ulizaliwa pale metali mbili zinapokutana kwenye unyevu. Mwaka 1800 alimwondoa chura kabisa. Alipanga visahani vya zinki na vya fedha kwa kupokezana, akaweka katikati karatasi ngumu zilizoloweshwa maji ya chumvi, akapata mkondo wa umeme uliotiririka pasipo kukatika. Ndiyo betri ya kwanza, babu wa ile tuliyokuwa tukiipasua.

Galvani hakuwa amekosea chote. Mwaka 1794 lilitoka chapisho lililoonyesha mguu unaruka kwa kuguswa na neva peke yake, pasipo metali yoyote, na leo tunajua kwamba neva hufanya kazi kwa umeme kweli. Ila ushindi wa mjini ulikwenda kwa Volta, ambaye Napoleon alimtunza na baadaye akampa cheo cha ukabaila. Galvani alitakiwa kula kiapo cha utii kwa jamhuri iliyoundwa chini ya Napoleon huyohuyo. Akakataa kwa sababu za imani yake, akanyang'anywa kazi ya chuo kikuu, na mwezi Desemba 1798 akafa. Mtu mpole, asiyependa mabishano. Nadhani angeshangaa kusikia jina lake leo linatumika kuwapandisha watu mori.

Aliyelitia jina hilo kelele ni mpwa wake, Giovanni Aldini. Huyu alipenda jukwaa. Alizunguka Ulaya na betri kubwa za Volta, akivichezesha vichwa vya ng'ombe mbele ya wasomi na matajiri. Januari 1803, akiwa London, alipewa maiti ya George Foster, mtu aliyenyongwa kwa kosa la kuwaua mkewe na mtoto wao kwa kuwazamisha mferejini. Aldini akagusisha waya usoni: taya likatetemeka, jicho moja likafumbuka. Akasogeza waya mwilini: mkono wa kulia ukainuka na ngumi ikakunjwa, miguu ikatikisika. Waliokuwapo walitoka na hadithi ya kusimulia mpaka uzeeni. Mary Shelley, aliyeandika riwaya ya Frankenstein, alieleza katika utangulizi wa toleo la 1831 kwamba mazungumzo kuhusu majaribio ya namna hii yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyomjia akilini kabla ya kuiandika.

Kitenzi kilipata ladha yake kwenye jukwaa hilo. Kwanza kilikuwa cha madaktari: kupitisha umeme mwilini. Katikati ya karne ya 19 kikahamia kwa watu wazima na hai. Charlotte Brontë anakitumia hivyo katika riwaya yake Villette ya mwaka 1853. Kuanzia hapo mtu akichangamka ghafla, mkutano ukiamka, jeshi likipata nguvu mpya, Waingereza walikuwa na neno. Nasi tunayo yetu: kuhamasisha, kuchochea, kutia shime. Kwetu mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na aliyeisikia anainuka kwa miguu yake mwenyewe. Ndani ya kitenzi cha Waingereza kuna maiti. Nikisoma taarifa ya mradi inayosema kijiji fulani kimetiwa hamasa kwa kitenzi hicho, siwezi kujizuia kuuona mkono wa Foster. Semina imefunguliwa, posho zimelipwa, fulana zimegawiwa, metali mbili zimekutana, mguu umepiga teke. Mgeni akiondoka na waya zake, mguu unalala.

Sasa bati. Hapa historia inaacha vishindo, na ndipo inaponipendeza.

Kwamba chuma kinaweza kuvishwa zinki kwa kuchovywa lilikuwa jambo linalojulikana kabla Galvani hajaanza shule: mwaka 1742 mkemia Mfaransa Paul Jacques Malouin aliieleza njia hiyo kwa wanachuo wa sayansi wa Paris. Ilichukuliwa kama namna nyingine ya kupaka rangi. Kwa nini ilifanya kazi kuliko rangi, hakuna aliyeeleza mpaka betri ilipokuwapo. Mwaka 1824 Humphry Davy, mkemia Mwingereza, aliombwa kuokoa shaba iliyofunika matumbo ya manowari, iliyokuwa ikiliwa na maji ya chumvi. Akafunga vipande vya zinki na chuma juu ya shaba. Shaba ikaacha kuliwa. Zinki ikaliwa badala yake. Ushindi mkubwa, ila shaba isiyoliwa haitoi sumu yake majini, kwa hiyo chaza na majani ya bahari yakajishikiza kwa furaha, meli zikawa nzito kama magogo, na wakubwa wa jeshi la majini wakaamuru vipande viondolewe. Manahodha wetu, wanaopaka deheni matumbo ya majahazi, wangemwonya mapema.

Mwaka 1837 mhandisi Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka, na kwa kuwa alielewa kwamba kinacholinda ni umeme ule wa metali mbili, akaipa kazi hiyo jina la Galvani. Mwaka uleule hataza kama hiyo ikatolewa Uingereza. Kwa haki ingeitwa kwa jina la Volta, maana ni nadharia yake iliyoshinda. Majina hayagawanywi kwa haki.

Utendaji wake ni huu. Zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420 hivi za Selsiasi. Kiwandani huwekwa kwenye joto la nyuzi 450, na bamba la chuma lililooshwa kwa asidi linazamishwa humo. Likitoka na kupoa, juu yake hutokea yale maua ya kijivu yanayong'aa ambayo mafundi wa zamani waliyasoma kabla ya kununua. Tabaka hilo ni jembamba kuliko karatasi. Hewa na mvua zikiligusa hujijengea ngozi ngumu isiyoyeyuka upesi. Ngozi hiyo ikipasuka, tuseme bati limekwaruzwa na chuma kimeonekana, maji ya mvua yanaunganisha metali mbili kama ile karatasi yenye chumvi ya Volta, na betri ndogo inaanza kufanya kazi juu ya paa lako. Katika betri hiyo zinki ndiyo inayojitoa mhanga. Inaliwa kidogo kidogo ili chuma jirani yake kisiliwe. Haitoi cheche, haitikisiki, huioni wala huisikii. Itaendelea miaka hadi zinki yote imalizike, ndipo kutu nyekundu itokeze. Yaani umeme uleule uliorusha mguu wa chura.

Kukunja bamba liwe na migongo kulianzia kwingine: Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari ya London, alipata hataza yake mwaka 1829. Bamba tambarare hujikunja kwa uzito wake, lakini ukilikunja migongo linabeba mtu. Mikunjo ya Palmer na zinki ya Sorel zilipokutana, Uingereza ikapata bidhaa iliyo nyepesi, inayopangwa melini bila kupoteza nafasi, na inayojengwa na mtu yeyote mwenye nyundo. Kufikia miaka ya 1850 nyumba nzima za bati zilikuwa zikisafirishwa kwa wachimba dhahabu wa Australia na California.

Kwetu bati liliingia na meli na likasambaa na reli. Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, na ilipofika Nairobi mwaka 1899 mji ulioota pale kinamasini ulikuwa wa mahema, mbao na mabati. Hapa Tanga Wajerumani walianza reli yao mwaka 1893. Unguja mambo yalikwenda vingine: nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa na sakafu tambarare za chokaa na boriti juu, zilizofaa nchi kavu kuliko kisiwa cha masika na vuli, na nyingi zilivuja. Wenye nyumba wakazivika mapaa ya bati yaliyoinama juu ya zile dari za kale. Mgeni anayepanda ghorofani leo kupiga picha ya mji wa Waarabu, kinachojaa kwenye picha yake ni bati.

Maskini alipata bati lake kwa njia nyingine: debe. Mafuta ya taa yalikuja kwenye madebe ya galoni nne, na debe tupu halikutupwa. Lilikatwa, likanyooshwa, likapigiliwa. Pumwani ya Nairobi na mitaa ya Waafrika ya Dar es Salaam zilijaa mapaa ya madebe. Lakini debe halina zinki. Limevishwa stani, na stani ina tabia iliyo kinyume. Ikiwa nzima inalinda. Ikikwaruzwa tu, betri inageuka: chuma ndicho kinacholiwa, tena kwa haraka kuliko kama kingeachwa uchi. Paa la madebe lenye matundu ya misumari lilianza kuoza siku lilipopigiliwa. Nilipowaeleza wanafunzi hilo, wengi waliolala chini ya madebe kwa bibi zao walitikisa vichwa. Walikuwa wanajua tayari, walikosa sababu tu.

Baba yangu aliacha makuti akahamia bati katika miaka ya 1950. Hakuwa na cheti. Makuti aliyaheshimu: yana ubaridi, mvua haipigi kelele, na fundi wa makuti hulala usingizi mzuri kwa kuwa kila baada ya miaka michache ataitwa tena. Ila yanashika moto, na mtaa mmoja ukiwaka unakwenda na jirani. Bati lina joto la tanuri mchana, na masika yakianza mwalimu anafunga kitabu, maana hasikiki. Hata hivyo kila mwenye senti alilitaka, na Baba alifuata senti.

Alikuwa na sheria ambazo saidia fundi wake walizikariri kama Alfatiha. Msumari unapigiliwa mgongoni, kamwe usipigiliwe bondeni, kwa kuwa maji hupita bondeni. Bati na bati hulaliana mgongo mmoja na nusu, na kwenye mji wa bahari kama wetu miwili. Unaanza kuezeka upande ambao upepo haupigi, unarudi ukielekea upepo unakotoka, ili mdomo wa mlaliano uupe upepo kisogo. Kwa nyumba zinazotazama bahari, hesabu ya kusi inakuja kabla ya hesabu ya mbao. Msumari wa shaba haukanyagi paa lake. Hakuwahi kumsikia Volta, lakini aliona siku za ujana wake nyumba moja ya tajiri iliyopigiliwa misumari ya shaba, bati likaoza duara kila palipo na msumari. Na bati lililolowa likiwa bado limefungwa bunda alilikataa hata kwa bei ya kutupa. Maji yakikaa kati ya mabati yaliyobanana, hewa haipiti, ile ngozi ngumu haijengeki, na zinki inageuka unga mweupe. Alipitisha kidole, akikuta unga anarudisha bunda kwa mwenye duka pasipo maneno.

Adui wake mkubwa alikuwa bahari yenyewe. Chumvi ya hewani huimaliza zinki upesi. Bati lililodumu miaka mingi kule Lushoto lingekuwa jekundu mapema sana hapa Ras Kazone. Baba aliipokea hali hiyo kama watu wa pwani wanavyopokea mengi, akapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akapaka tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bati liliadimika Tanzania kama sukari na sabuni. Ulihitaji kibali, na kibali kilihitaji mtu anayemjua mtu. Kuna nyumba zilisimama na kenchi zake tupu masika mawili, matatu, mbao zikageuka kijivu. Baba alifanya kazi ya kung'oa kuliko kuezeka: anavua paa la nyumba iliyovunjwa, ananyoosha misumari juu ya jiwe, anageuza bati ili matundu ya zamani yakae kwenye mlaliano. Kazi nzuri kuliko zote alizofanya, kwa maoni yangu, ni za miaka hiyo, na hakuna aliyezisifu.

Ng'ambo ya mpaka, kisa ninachokipenda zaidi katika historia yote ya bati kilikuwa kimeanza mapema. Katika miaka ya 1960 na 1970, wanawake wa Kenya ya kati, Mutira kule Kirinyaga na kwingineko, waliunda vikundi vilivyokuja kuitwa vikundi vya mabati. Mashamba yalikuwa yamepimwa, kahawa imepandwa, nyasi za kuezekea zimekuwa adimu, na aliyezitafuta, akazikata na kuzibeba mgongoni alikuwa mwanamke. Wakachanga kila mmoja kidogo kwa mwezi, kama upatu wetu, lakini pesa hazikugawiwa mkononi. Zilinunua mabati ya mwanachama mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Zilipopungua walikwenda kulima na kuchuma mashamba ya watu kwa kibarua, kikundi kizima, na malipo yakaingia kwenye kapu moja. Paa la bati lilileta na maji: gata pembeni, pipa chini, safari ya mtoni imepungua. Baada ya mapaa, vikundi vingine vilihamia kwenye ng'ombe wa maziwa na matangi ya maji.

Aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni alichangia miaka akitazama mapaa ya wenzake yakimeta, yeye akilala chini ya nyasi. Hilo ndilo linalonikumbusha zinki, na ndiyo sababu nawaambia vijana wanaoandika taarifa za miradi kwamba kitenzi wanachokipenda kina maana mbili, nao wamechagua ile ya maiti. Wananiona mzee mwenye kichaa cha kemia.

Wanasiasa walilielewa bati kwa namna yao. Hakuna kampeni ya uchaguzi upande huu wa Afrika ambayo haikuahidi bati la zahanati au la msikiti. Rwanda ilifanya nyasi kuwa suala la serikali, na kuanzia 2010 ikaendesha kampeni ya kuzifuta nyumba zote za nyasi. Uganda, mwaka 2023, mawaziri walipandishwa kizimbani kuhusu mabati yaliyokuwa ya watu wa Karamoja. Baba angecheka: mtu mkubwa kiasi hicho, kwa bati?

Dukani siku hizi mteja anauliza rangi kwanza. Kuna bati la msauzi, la vigae, jekundu, la bluu, la kijani ya chama gani sijui. Mengi hayavishwi zinki tupu bali mchanganyiko wa alumini na zinki, uliobuniwa Marekani na kuingia sokoni mwaka 1972, ambao pwani unadumu zaidi. Ninachowaambia majirani ni waulize geji, na wakumbuke kwamba namba kubwa ni bati jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Kuna wanaodhani wamepata bahati kwa kupewa namba kubwa. Halafu waulize uzito wa zinki kwa mita ya mraba. Muuzaji akikutazama kama umemtukana, nenda duka la pili.

Zinki haiishii paani. Kijana anayechomelea mageti mtaani kwetu anafanya kazi na mabomba ya GI, ambayo yamechovywa kama bati. Moto wa kuchomelea unaigeuza zinki kuwa moshi mweupe, na akiuvuta mchana, usiku anapata homa na kutetemeka kama mwenye malaria. Kesho yake au keshokutwa inapita. Jumatatu ni mbaya zaidi, kwa kuwa mwili umeshasahau moshi wakati wa mapumziko. Nilimweleza asugue zinki kwa diski kabla ya kuwasha moto, na asimame upepo ukitoka mgongoni. Alinisikiliza kwa adabu zote, akaniambia, "Sawa, mwalimu, lakini sisi huwa tunakunywa maziwa." Maziwa hayaondoi zinki kifuani, nikamweleza na hilo. Makadirio ya geti langu aliyaleta jioni, yameandikwa kwa mkono: mabomba, diski, vijiti vya kuchomelea, rangi, maziwa lita mbili. Nilijaribu kupunguza bei ya rangi.